Mkono Hutenda, Mgongo Hutendama: Mikao ya Kazi katika Mapishi ya Mji wa Kale, Mombasa

Utangulizi

Apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, kabla ya jua kuchomoza, hulakiwa na harufu ya iliki na mafuta ya moto kabla ya kukutana na mtu. Ndizo saa ambazo mahamri hukaangwa, mbaazi huungwa kwa tui, na rojo la mchele humiminwa katika vikaango vya vitumbua. Ladha ya vyakula hivi imesifiwa sana, kwa mdomo na kwa maandishi. Mwili wa mtu anayeviandaa haujapata sifa hiyo, na mara nyingi haujapata hata maelezo.

Makala haya yanakusudia kueleza namna kazi ya kuandaa chakula kwa zana za jadi inavyoutumia mwili wa mpishi, na kwa nini matumizi hayo huishia katika maumivu ya kiuno, magoti, shingo na viganja. Mwandishi ni mwanafunzi wa fasihi, si tabibu. Kwa hiyo ataanzia pale anapopamudu, yaani kwenye maneno. Hoja kuu ni kwamba sarufi ya Kiswahili imekwisha kuligawa jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Vitenzi vya jikoni vinavyotaja kitendo ni vya mkono; vitenzi vinavyotaja mkao ni vya kiwiliwili. Tumezoea kuviona vya kwanza na kuvisahau vya pili, na humo ndimo yalimojificha maumivu.

Chimbuko la Swali

Sehemu ya utoto wangu niliipitisha kwa nyanya yangu mzaa mama, mtaani Kibokoni. Wakati niliomjua mimi alikuwa haendi wima. Kila alipoinuka kutoka mkekani, kiganja kimoja alikishindilia gotini, kingine akakiweka kiunoni, kisha akasubiri kidogo kana kwamba anamngoja mtu, ndipo akanyooka kwa kiasi alichoweza kunyooka. Sote nyumbani tulisema ni uzee. Alipofariki tulisema vivyo hivyo, kwamba uzee ndio uliomwinamisha.

Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nikikusanya msamiati wa mapishi kwa ajili ya tasnifu yangu, nilikaa asubuhi chache jikoni kwa jirani yetu apikaye mahamri na mbaazi za kuuza. Ni mama ambaye hajatimiza miaka 45. Alipomaliza kukuna nazi ya nne, aliinuka. Kiganja kimoja gotini, kingine kiunoni, kisha akasubiri.

Nilimuuliza, "Mama, nazi zakuumiza?"

Akacheka. "Nazi haiumizi, mwanangu. Kiumizacho ni kuinuka."

Jibu hilo ndilo lililozaa makala haya. Ikiwa ishara ni ileile na umri si uleule, basi uzee hauwezi kuwa maelezo ya kutosha. Kuna jambo ambalo wanawake hawa wawili walishirikiana nalo, na jambo hilo lilikuwa sakafuni, chini ya kimo cha magoti yao.

Vitenzi vya Mkono na Vitenzi vya Kiwiliwili

Hebu tuorodheshe vitenzi ambavyo mpishi wa Mji wa Kale huvitekeleza katika asubuhi moja: kuvunja nazi, kukuna, kukamua, kuchuja, kutwanga, kusaga, kupepeta, kuchagua, kukanda, kusukuma, kukata, kukaanga, kukoroga, kupakua. Vyote ni vitenzi elekezi. Kila kimoja kina yambwa yake: hukunwa nazi, hupepetwa mchele, hukandwa unga. Ni vitenzi vya mwendo, vyenye mwanzo na mwisho, na matokeo yake huonekana katika sinia.

Sasa tuorodheshe vitenzi vinavyotaja hali ya mwili huohuo wakati mkono ukitenda hayo: kuinama, kusimama, kuchutama, kuegama. Mwanafunzi yeyote wa sarufi ataona mara moja kwamba vinne hivi vinaishia kwa -ama. Hiyo ndiyo kauli ya kutendama, ambayo huonyesha kwamba kitu kimo katika hali fulani na kimesalia katika hali hiyo. Tuna simika na simama, inika na inama. Cha kwanza katika kila jozi ni kukiweka kitu katika mkao. Cha pili ni kuwa ndani ya mkao. Katika vingine, kama chutama, mzizi hausimami tena peke yake katika Kiswahili cha leo, lakini maana ya kauli imebaki. Vitenzi hivi havina yambwa, wala havitoi kitu cha kuwekwa siniani. Ndiyo maana mtu akiulizwa amefanya nini tangu alfajiri, atajibu kwamba amekuna nazi sita. Hatajibu kwamba ameinama saa nzima.

Ipo pia kauli ya kutendata, inayojitokeza katika fumbata, kamata, pakata na ambata. Kauli hii huonyesha mguso unaoshikilia. Vidole vinavyokibana kifuu cha nazi, au kiganja kinachokaza mpini wa mwiko, vimo katika kauli hii hata kama mkono mzima unaonekana kuwa katika mwendo.

Mgawanyo huu wa kisarufi unalingana kwa karibu na mgawanyo unaofanywa na egonomia, elimu inayochunguza namna ya kulinganisha kazi na mwili wa mfanyakazi. Wataalamu wa elimu hiyo hutenganisha kazi ya misuli iliyo katika mwendo na kazi ya misuli iliyotulia. Msuli unaokaza na kulegea kwa zamu hufanya kazi kama pampu: kila unapolegea, damu huingia, kila unapokaza, damu husukumwa kwenda mbele pamoja na taka za uchovu. Msuli uliokazwa na kubakishwa hivyo huibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Damu hupungua, taka hukusanyika, na maumivu huanza ingawa hakuna kilichosogea. Mgongo ulioinama, kwa hiyo, haupumziki hata kidogo. Unafanya kazi ya kuuzuia mwili usianguke mbele, nayo ni kazi isiyo na kikomo mpaka mtu ainuke.

Mbuzi ya Nazi

Hakuna zana inayolieleza jambo hili kuliko mbuzi ya kukunia nazi. Ni mbao mbili zilizopishana na kuungwa ili ziweze kukunjwa na kukunjuliwa, kama marufaa ya kuwekea msahafu. Ubao mmoja ndio kikalio, na mbele yake umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Inapokunjuliwa, kikalio chake hakiendi juu sana kuliko shibiri moja kutoka sakafuni. Ni zana iliyobuniwa kwa akili nyingi: haichukui nafasi, uzito wa mkunaji mwenyewe ndio unaoishikilia isiyumbe, na mikono yote miwili hubaki huru kushika nazi.

Lakini tumwangalie aliyeikalia. Kwa kuwa kikalio ki chini, magoti yake yamepanda juu kuliko nyonga. Magoti yakipanda hivyo, nyonga hulazimika kuzunguka kwenda nyuma, na lile pindo la asili la kiuno, ambalo mtu anaposimama huelekea ndani, hunyooka au hupinda kuelekea nje. Ulimi wa chuma uko mbele ya magoti, chini ya kifua. Kwa hiyo mkunaji huinamisha kiwiliwili na shingo ili aone meno yanakula wapi, asije akakwangua ganda la kahawia likatia tui rangi. Vidole vinafumbata kifuu, vifundo vya mikono vinageuka huku na huku, na mabega yanasukuma chini. Mkono unatenda, mgongo unatendama, na vidole vinatendata, vyote kwa wakati mmoja.

Baada ya kukuna huja kukamua. Chicha zilizotiwa maji huminywa kwa viganja au hutiwa katika kifumbu, ule mfuko mrefu uliosukwa, kisha hunyongwa mpaka tui lishuke. Tui la kwanza, lile zito, huwekwa kando. Chicha hutiwa maji tena kupata tui jepesi. Kunyonga huku huzidai nguvu za vifundo vya mikono vilevile ambavyo muda mfupi uliopita vilikuwa vikizungusha nazi. Kwa wali wa nyumbani wa nazi mbili, mwili hulipa na kusahau. Kwa mbaazi za kuuza kila asubuhi, siku sita au saba za juma, deni hujilimbikiza. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nao hawakusema kwamba kibaba hicho kitajaa mema peke yake.

Uzito Ambao Hauonekani

Kwa nini kuinama kuwe na gharama kubwa hivyo? Jibu limo katika wenzo. Mtu akibeba ndoo karibu na kifua, huivumilia. Akiinyosha mkono na kuishikilia mbali, ndoo ileile humshinda. Kiwiliwili, kichwa na mikono ni zaidi ya nusu ya uzito wa mtu. Kwa mwenye kilo 60, hizo ni zaidi ya kilo 30. Akisimama wima, uzito huo hukaa juu ya uti wa mgongo. Akiinama sana, kitovu cha uzito huo husogea mbele, takriban sentimita 25 kutoka kwenye pingili za kiuno, ilhali misuli ya mgongo inayouvuta urudi imejishikiza takriban sentimita 5 tu nyuma ya pingili hizo. Kwa hesabu ya wenzo, misuli hulazimika kuvuta mara tano ya uzito unaoning'inia, yaani zaidi ya kilo 150, hata kama mikononi mmeshikwa upawa mtupu.

Nguvu hizo huangukia visahani vya gegedu vilivyomo kati ya pingili. Katika miaka ya 1960, daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya visahani hivyo kwa watu walio hai na kuonyesha kwamba hubadilika sana kufuatana na mkao. Mwaka 1999, Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vipya kutoka kwa mtu mmoja aliyejitolea kuwekewa kifaa cha kupimia mgongoni. Vipimo vyao vilitofautiana na vile vya awali kuhusu kukaa kitini, lakini kuhusu kuinama mbele havikutofautiana: shinikizo la takriban megapaskali 0.5 mtu akisimama wima lilipanda hadi 1.1 alipoinama. Ni zaidi ya maradufu, kabla hajanyanyua kitu.

Jambo hili si geni duniani. Tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake cha mwaka 1700 kuhusu maradhi ya wafanyakazi, alikwisha kutaja mikao isiyo ya asili na miendo ya nguvu kuwa ni chanzo kimojawapo cha maradhi ya kazini, na waokaji mikate walikuwa miongoni mwa watu aliowaandika. Ushahidi wa kale zaidi umo mifupani. Katika kijiji cha kale cha Abu Hureyra, kaskazini mwa Syria, kilichochimbuliwa mwaka 1972 na 1973, mtaalamu Theya Molleson wa Jumba la Makumbusho la Historia Asilia, London, alichunguza mifupa ya wakulima wa mwanzo kabisa. Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1994, alionyesha kwamba mifupa mingi ya wanawake ilikuwa na vidole vya miguu vilivyoharibika, pamoja na alama za mkazo katika magoti na pingili za chini za mgongo. Alizihusisha alama hizo na kupiga magoti kwa saa nyingi mbele ya jiwe la kusagia nafaka. Maelfu ya miaka yamepita. Majina ya wanawake hao hayapo, lakini mkao wao umehifadhiwa.

Je, kuchutama ni adui? Hapana, na hapa yafaa tuwe waangalifu. Mwaka 2020, David Raichlen na wenzake walichapisha uchunguzi wao miongoni mwa Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania. Waligundua kwamba Wahadza hupumzika kwa saa karibu 10 kila siku, muda usiopishana sana na ule wa watu wa mijini, ila sehemu ya mapumziko hayo huwa ni kwa kuchutama au kupiga magoti. Katika kuchutama misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo, jambo ambalo huenda likawa na faida kwa moyo. Kwa hiyo mkao wa chini kwa wenyewe si ugonjwa. Tatizo huzaliwa pale mkao unapounganishwa na nguvu, unaporudiwa bila kubadilishwa, na pale mtu asipokuwa na hiari ya kuuacha kwa kuwa wateja wako mlangoni.

Kinu, Mchi na Wimbo

Mtu akiulizwa ni kazi ipi ngumu zaidi ya zote za jikoni, huenda akataja kutwanga. Kweli mchi ni mzito na jasho lake laonekana. Hata hivyo, kwa kipimo cha kutenda na kutendama, kutwanga kuna nafuu ambayo kukuna hakuna. Mtwangaji wa kinu kikubwa husimama, miguu imeachana. Huuinua mchi na mwili wake ukanyooka. Huuachia, na mwili ukainama. Kisha huuinua tena. Misuli hukaza na kulegea kwa zamu. Mjuzi hausukumi mchi kwenda chini, bali huuacha uanguke kwa uzito wake. Mwanagenzi ndiye ausukumaye, na ndiye achokaye upesi. Bega na kiganja huumia, ndiyo, lakini mgongo haukwami mahali pamoja.

Wawili wakitwanga katika kinu kimoja hupokezana: mmoja akiinua, mwenziwe ashusha. Hapo ndipo wimbo unapoingia. Katika masomo ya fasihi simulizi sisi huzifunza hodiya, yaani nyimbo za kazi, na tunapoulizwa dhima zake huandika kwamba huwatia watu ari na kuondoa uchovu. Jibu ni sahihi, lakini halijakamilika. Wimbo wa kutwanga huyapanga mapigo. Huamua mchi uinuke lini na ushuke lini, na kwa kufanya hivyo humpa kila mtwangaji kipindi kidogo cha kulegeza misuli, kipindi ambacho mwenziwe hawezi kumnyang'anya bila kuuharibu wimbo. Kibwagizo ni pumziko lililowekewa sauti. Mtafiti wa fasihi anayeunukuu wimbo bila kuutazama mwili unaouimba huipoteza nusu ya maana yake.

Katika asubuhi nilizokaa jikoni kwa jirani yetu, sikusikia wimbo. Kukuna nazi hufanywa na mtu mmoja, kwenye mbuzi moja. Hakuna wa kupokezana naye.

Moto, Mofa na Mwiko

Mikao mingine huletwa na moto. Seredani ya makaa huwekwa sakafuni, na karai la mahamri hukaa juu yake, bado chini ya goti la mtu aliyesimama. Mpishi ana njia mbili: akalie kigoda na kunyosha mikono juu ya mafuta ya moto, au asimame na kuinama. Wengi hufanya yote mawili kwa zamu, na kwa bahati njema kubadilisha huko ni tiba. Mkate wa mofa nao hubandikwa kwenye kuta za ndani za tanuri ya udongo. Mwokaji huinama mdomoni mwa tanuri, huingiza mkono, hubandika, hutoka upesi kuukimbia mvuke, kisha huinama tena kuubandua. Bokoboko, chakula cha ngano na nyama kipendwacho sana siku za sikukuu, hupigwa kwa mwiko mpaka ngano na nyama zisitambulikane. Na kadiri inavyoiva ndivyo inavyokuwa nzito, hata mpigaji huhitaji kuegemeza mwili wake wote juu ya mpini.

Tusidhani kwamba hili ni suala la wanawake pekee. Halua ya Mombasa, yenye wanga, sukari, samli na iliki, mara nyingi hupikwa na wanaume, nayo haiwezi kuachwa hata kidogo bila kukorogwa, isije ikashika chini. Mkorogaji husimama juu ya sufuria kubwa akiwa na mwiko mrefu, huzungusha kiwiliwili chake pamoja na mikono, na mzigo huzidi kadiri halua inavyokaza. Nao wafuaji nazi huzisukuma nazi juu ya ncha kali ya kifuo mamia ya mara ili kuziondoa makumbi. Tofauti ni kwamba kazi ya wanaume hawa huitwa kazi na hulipwa ujira. Ya nyumbani huitwa kupika tu.

Mgongo wa Nani?

Hapa hatuna budi kugusa historia. Katika nyumba za waungwana wa pwani, kutwanga na kusaga hakukuwa kazi ya bibi wa nyumba. Kulikuwa kazi ya wajakazi, waliokuwa watumwa. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Zana zilibaki vilevile, na kimo chake kilibaki kilekile. Aliyebadilika ni mwenye kuziinamia. Huenda hii ni sababu mojawapo ya ukimya wa maandishi yetu ya kale kuhusu mwili wa mpishi: waliokuwa na kalamu hawakuwa wenye kuinama.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni mfano unaofaa. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga akiwa mgonjwa, akimwachia bintiye wosia wa namna ya kuishi. Humo mna mafunzo mengi kuhusu kumtunza mume: apapaswe maungo, apepewe alalapo. Mwili unaohitaji kukandwa upo katika utendi huo, lakini ni wa mume. Sisemi haya kumlaumu mtunzi, ambaye aliandika kwa mujibu wa tabaka lake na zama zake. Nasema ili tutambue kwamba urithi wetu wa kifasihi umetufunza kuutazama mwili wa mlaji kuliko wa mwandaaji.

Sheria za leo zimesogea mbele, ila hazijafika jikoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri kuhakikisha kwamba mahali pa kazi, vifaa na majukumu vinalingana na mwili na uwezo wa mfanyakazi. Ni kifungu chenye busara. Lakini mama auzaye mahamri barazani pake hana mwajiri. Yeye ndiye mwenye kazi na ndiye mfanyakazi. Akidai haki yake, atajidai mwenyewe.

Mashine Imechukua Kitendo

Msomaji anaweza kusema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa mashine zimekuja. Kweli zimekuja. Unga husagwa kwa mashine. Mchele wa vitumbua hutiwa katika blenda. Nazi hukunwa kwa mashine sokoni, na tui la pakiti linauzwa madukani. Vinu vikubwa katika nyumba nyingi vimegeuka mapambo au vikalio vya vyungu vya maua.

Lakini tuangalie ni vitenzi gani vilivyochukuliwa na mashine: kusaga, kukuna, kutwanga. Ni vitenzi vya mkono. Vitenzi vya kutendama vimeachwa palepale. Blenda huwekwa sakafuni karibu na soketi, na mtu huinama kuishikilia. Karai bado liko juu ya seredani. Kibao cha kusukumia bado kiko juu ya mkeka. Isitoshe, muda uliookolewa haukugeuka mapumziko. Uligeuka mahamri zaidi, kwa kuwa kodi ya nyumba na karo za shule hazingoji. Aliyekuwa akiinama kwa kukuna sasa anainama kwa kukaanga. Mashine imechukua kitendo, haikuchukua mkao.

Kumbe dawa haiko kwenye umeme peke yake. Iko kwenye kimo. Seredani ikiinuliwa juu ya jukwaa la matofali, karai likafika chini kidogo ya kiwiko cha mpishi aliyesimama, mgongo hunyooka bila gharama kubwa. Jukwaa hilo lijengwe imara na kwa upana, maana mafuta ya moto hayasamehe. Kibao cha kusukumia kikipandishwa mezani kwa kimo hichohicho, mabega hushuka. Ulimi wa mbuzi ukipigiliwa kwenye kiti kirefu zaidi, magoti hayatapanda juu ya nyonga. Wawili wakigawana nazi, mmoja akikuna na mwingine akikamua, kisha wakabadilishana, watakuwa wamerejesha ile hekima ya kupokezana iliyokuwa kwenye kinu. Na mtu anayehisi ganzi miguuni au maumivu yasiyoisha asiambiwe ni uzee, apelekwe hospitali.

Nilimweleza jirani yetu haya, kwa haya kidogo, kwa kuwa nilikuwa nikimfundisha mapishi mtu aliyenilisha. Alinisikiliza akikata mahamri. Kisha akauliza matofali ni bei gani.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maumivu ya mpishi wa jadi hayatokani na udhaifu wake wala na umri wake peke yake, bali na mikao ambayo zana zake humlazimisha kuishika kwa muda mrefu. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kina nyenzo za kulieleza jambo hili kwa usahihi: kauli ya kutenda kwa kazi ionekanayo, kauli za kutendama na kutendata kwa kazi isiyoonekana. Wana-Kiswahili wanaokusanya msamiati wa mapishi, hodiya au methali wana nafasi ya kuandika mkao kando ya neno: nani alikaa, alikaa vipi, kwa muda gani, na aliinukaje. Wauguzi na maafisa wa afya watakaotaka kuzungumza na akina mama wa Mji wa Kale watayahitaji maneno hayo.

Tunayo methali isemayo mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni methali ya kweli, na walimu wetu hutufafanulia kwamba mwenye haja hana budi kuvumilia tabu. Nyanya yangu aliinama kwa ajili yetu zaidi ya miaka 50, na hakuna aliyewahi kuuliza kama kilichomo mvunguni kingeweza kuwekwa mezani. Swali hilo tungeweza kuliuliza mapema.